Kanga Alizonunua Mjomba

Mjomba wangu alikuwa na duka Kisarawe, kwenye njia ya kupandia bomani, na alikuwa na lori. Alinunua korosho za watu wa Masaki na vijiji vya jirani, akazipeleka Dar es Salaam, akarudi na chumvi, sukari, mafuta ya taa na nguo. Mimi nilikuwa nakaa kwake. Nilikuwa nimeachika, na talaka yangu haikuwa na ugomvi. Yule bwana alisema tu kwamba naimba sana na akili yangu haikai jikoni. Hakusema uongo. Nilikuwa na hamu ya kusikika kwenye redio. Redio yenyewe nilikuwa sijui inaingiwa wapi, lakini kila nikishika mchi nilijiona nimo ndani yake, na watu wa Tabora wamekaa wananisikiliza.

Nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo mjomba alinipa kazi ya dukani asubuhi, na mkewe akanipa kazi ya jikoni mchana. Hivyo ndivyo nilivyoona mambo ambayo wengine hawakuyaona.

Wakati ule ungemuuliza mtu yeyote Kisarawe ni nani anayeleta chama cha kudai uhuru, angekutajia katibu, kijana fundi baiskeli mwenye sauti kubwa. Asingemtaja mjomba. Lakini chumba alimokaa katibu kilikuwa ghala la mjomba. Taa ya chumba kile niliijaza mafuta mimi, kwa agizo la mjomba. Wazee waliokwenda Dar es Salaam kusikiliza mikutano walipanda lori la mjomba, juu ya magunia ya makaa, na wakiulizwa njiani walisema wanakwenda kumtazama mgonjwa. Mgonjwa yule aliugua sana mwaka ule. Na watu wakianza kuzungumza habari za chama pale barazani, mjomba alikuwa akisema, "Mimi nauza sukari," anaingia ndani. Walimwona bahili asiyejali nchi yake. Baadhi walimwambia usoni.

Sababu ya kujificha ilikuwa leseni. Leseni ya kununua korosho ilitolewa bomani kila mwaka. Mfanyabiashara mmoja wa upande wa Mlandizi aliwakaribisha watu wa chama uani kwake, wakanywa chai, wakasema maneno yao. Mwaka uliofuata akaambiwa leseni yake inatafutwa. Ikatafutwa mpaka msimu ukaisha. Bwana Shauri, Mzungu mkubwa wa boma, hakumkataza mtu, wala hakumfokea. Leseni ilikuwa inatafutwa tu. Mjomba aliijua habari ile vizuri, na korosho ndizo zilizotulisha sisi, dereva, wapagazi wa magunia na nyumba zao.

Basi habari ikaja kwamba wakubwa wa chama watakuja Jumapili kufungua tawi, na kibali cha mkutano kimepatikana. Ila walituma neno: wakikuta watu wachache, ofisi itawekwa Mlandizi, kwa sababu huko watu wamejitokeza. Katibu aliingia dukani mlango wa nyuma, uso umempauka, akamnong'oneza mjomba.

"Mzee, wanaume wanaogopa. Wanasema tarishi wa boma atasimama pale aangalie nani amekuja."

"Atasimama," mjomba akasema.

"Sasa watakuja vipi?"

Mjomba alikuwa anapima mchele. Akamwaga kwenye mfuko wa mteja, akangoja mteja atoke. "Wanawake wakicheza ngoma, nani anabaki nyumbani?"

Hapo mimi, niliyekuwa kaunta, niliruka kwa furaha. Mimi nilikuwa mwanachama wa ngoma ya lelemama ya mlimani. Kisarawe ilikuwa na makundi mawili ya lelemama, la mlimani na la kisimani, na kila kundi lilikuwa na mkubwa wake tuliyemwita kwini. Wanawake wote wa mji walikuwa upande mmoja au mwingine. Hakuna aliyekuwa katikati, hata vikongwe. Tulishindana kwa nyimbo, kwa pilau, na zaidi ya yote kwa sare. Sare ya kundi ilifichwa mpaka siku ya kucheza. Ungelala juu yake kuliko kuionyesha. Maana kundi likionekana limevaa nguo ya wenzake, ni moja kati ya mawili: limeiga, au limekuja kutukana.

Mjomba alijua kwamba tunashindana. Habari ya sare hakuijua. Alikuwa mwanamume, na mwanamume ngoma yetu aliitazama kwa mbali.

Akaenda Dar es Salaam na lori, akarudi na magunia mawili ya kanga yaliyoshonwa mdomo. Mimi nikapeleka gunia moja kwa kwini wa mlimani, mke wa mjomba akapeleka la pili kwa kwini wa kisimani, nami nilidhani lina kanga za namna nyingine. Tuliambiwa tuseme ni zawadi ya chama, basi. Tulipolifungua letu, tulipiga vigelegele kwa kuzibana midomo na viganja. Kanga nyekundu, yenye korosho nyeupe pembeni, na maandishi yake ni TUMEFIKA SOTE. Kwini wetu, mama mnene aliyeuza vitumbua, aliinusa ile nguo, akasema, "Wale wa kisimani wakiiona hii watarudi nyumbani kulala."

Tukazificha. Nao wakazificha zao.

Kanga mpya ina wanga, inakwaruza. Wako watu wanaovumilia na wako wasioweza. Ijumaa asubuhi mwanamke mmoja wa kisimani, ambaye ngozi yake huwashwa na kila kitu, akaifua yake, akaianika ndani ya ua. Ua ulikuwa wa makuti na makuti yalikuwa yametoboka. Mwenzetu mmoja wa mlimani akapita kwenda kutafuta muhogo. Akasimama. Akaweka jicho kwenye tundu. Muhogo hakununua, alirudi mbio, ungedhani kaona chatu.

Kabla ya adhuhuri mji mzima ulikuwa unajua. Sisi tulisema wao wameiga. Wao wakasema sisi tumewaibia siri. Wenzangu wakashuka hadi kisimani na ndoo zisizohitaji maji, wakaimba:

*Tumeiona uani, inachuruzika maji,*
*Nguo ya kuibia macho haimkai mvaaji.*

Wa kisimani nao hawakukawia:

*Mchungulia nyua za watu kwake hakuna la kutenda,*
*Hajapata kanga yake, ya wenziwe ameipenda.*

Wimbo wao ulikuwa mzuri kuliko wetu, nakubali. Lakini hakuna aliyecheka. Kwini wetu akatangaza kwamba Jumapili mlimani hawatokei. Alasiri tukasikia kisimani nao wamesema vivyo hivyo.

Nilirudi nyumbani nikilia. Mjomba alikuwa amesimama kaunta, na habari ilikuwa imeshamfikia.

"Nilidhani chama kimoja, nguo moja," akasema. "Nilidhani watapendeza."

Mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Si nilikwambia mambo ya ngoma niachie mimi?"

"Ulisema lini?"

"Siku tuliyooana."

Mjomba akaipangusa kaunta kwa kiganja. Akanigeukia mimi. "Nenda kwa wakubwa wote wawili. Omba radhi. Sema wa Dar es Salaam ndio waliokosea."

Kwini wetu alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa kitumbua, akasema jibu lake litafuata la wa kisimani, maana yeye hawezi kutangulia kushuka. Nikaenda kisimani. Kwini wa kule alikuwa mama mwembamba, mkunga, asiyepandisha sauti hata siku moja, na watu walimwogopa kwa sababu hiyohiyo. Nilimkuta anachambua choroko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefuata kanga zenu au umekuja kutusalimia?"

"Nimekuja kuomba radhi."

"Wewe ndiye uliyenunua?"

"Hapana, mama."

"Sasa radhi yako nitaifanyia nini, mwanangu? Nikaipike?"

Wanawake waliokuwa naye wakaguna. Nikasema kama nilivyotumwa, kwamba kanga zimetoka kwa wakubwa wa chama, Dar es Salaam. Alipepeta choroko zake kidogo, akapuliza maganda.

"Dar es Salaam ndiyo iliyomtwika mke wa mjomba wako gunia kichwani, jua la mchana, na nyumbani ana wapagazi? Mimi nimezalisha nusu ya mji huu. Mtu anayeficha mimba namjua kwa anavyotembea."

Nilitazama chini. Uongo sikuujulia, ndiyo shida yangu mpaka leo.

"Sina ugomvi na mjomba wako," akaendelea. "Lakini katuvisha nguo moja na wale, na sasa wao wanaitwa wezi na sisi tunaitwa wezi. Akitaka tuvae, aje mwenyewe hadharani atunawishe mikono, sisi na wao, kabla ya chakula. Akinyenyekea hivyo, nguo inakuwa ni yake. Tumeivaa kwa heshima yake, hakuna aliyemwiga mwenziwe. Mama zetu ndivyo walivyomaliza mambo kama haya. Asipokuja, mwambie namtakia biashara njema."

Nikapanda mlima na jibu hilo. Kwini wetu akapiga mapaja. "Yule mwanamke leo kasema neno la mtu mzima. Na mimi nataka hivyohivyo. Aje mwenyewe."

Nilipoyafikisha maneno nyumbani, mjomba alifunga mlango mmoja wa duka, akaacha mwingine. Akakaa juu ya gunia la chumvi.

"Katibu aende," akasema. "Yeye si ndiye anayejulikana?"

"Katibu ananuka grisi," mkewe akasema. "Halafu wanajua. Mji mzima kesho utajua. Unamficha nani?"

"Boma."

"Basi kaa. Leseni ni yako."

"Si yangu peke yangu. Wale wapagazi watakula nini?"

"Nami sijasema uende. Nimesema kaa. Ofisi iende Mlandizi, wako watu huko nao wana haja."

Alisema bila kejeli, na nadhani ndiyo maana ilimwuma. Tangu mwanzo alikuwa amehangaika na tawi lile, kwa mafuta, kwa lori, kwa chumba, kwa kutukanwa barazani kwake, na hakuna siku alinung'unika. Akainua macho akaniuliza mimi, mtu wa darasa la nne niliyeachika, "Na wewe unaonaje?"

Nikaanza kulia tena. Nilitaka tawi, nilitaka ngoma, na nilijua boma likijua, lori litakwenda. "Mimi sitaki uende, mjomba."

Akacheka, kicheko kidogo cha puani. "Basi tuko pamoja. Na mimi sitaki."

Jumamosi hakulizungumza. Aliuza sukari. Jumapili asubuhi alioga, akavaa kanzu, akamwambia mkewe, "Lile birika kubwa liko wapi?"

Kiwanja kilikuwa kile cha gulio. Vyungu vya pilau vilikuwa upande huu na upande huu, vya mlimani na vya kisimani, kila kundi limepika lake. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye majamvi, mistari miwili inatazamana, wamevaa kanga kuukuu, na zile nyekundu zimekunjwa mapajani. Hakuna aliyeivaa. Tulikaa hivyo kama watu wanaongoja kesi. Wanaume walikuwa wamesimama mbali, nyuma ya vibanda, wanajifanya wanapita. Karibu na njia alikuwa amesimama tarishi wa boma na nguo zake za kaki.

Mjomba akaja kutoka upande wa duka. Mkono mmoja birika, mkono mmoja beseni, taulo begani. Wanaume nyuma ya vibanda wakachungulia. Nilimsikia mmoja akisema, "Si yule bahili?"

Alifika katikati akasimama. Na hapo ikazuka shida ambayo hatukuifikiria: ataanza na nani? Akigeukia mlimani, kisimani wameshindwa. Akigeukia kisimani, sisi tumeshindwa. Mjomba alitazama huku, akatazama huku, jasho likaanza kumtoka kwenye kofia. Nikaona mambo yanaharibika mara ya pili.

Kwini wa kisimani ndiye aliyeinuka. Akaja mpaka katikati, akanyoosha mkono wake wa kulia juu ya beseni, akautuliza hapo. "We mama vitumbua," akaita kwa ile sauti yake ya chini, "njoo ulete wako. Au unaogopa unga utatoka?"

"Wangu una unga," kwini wetu akajibu huku anajiinua kwa tabu, "wako una nini? Mifupa?"

Akaja, akaweka mkono wake juu ya beseni lilelile. Mjomba akaweka goti chini, akamimina maji juu ya mikono yote miwili kwa pamoja. "Nilikosea," akasema, kwa sauti ya kusikika. "Nguo nilinunua mimi. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Naomba radhi, mama zangu."

"Bwana korosho," kwini wetu akamwambia, "mbona maji baridi? Sukari unauza, kuni huna?"

Hapo ndipo watu walipocheka. Walicheka wanawake wote, na nyuma ya vibanda wakacheka pia, na wakasogea. Mjomba akazunguka jamvi zima, wawili wawili, mmoja wa huku na mmoja wa huku. Alipomaliza, alikuwa amefika karibu na njia, na tarishi alikuwa amesimama pale, na harufu ya pilau ilikuwa inampitia. Mjomba akasita. Kisha akamsogezea beseni. Tarishi alitazama bomani, akatazama vyungu, akanyoosha mikono. Alinawa, akala, akaenda kusema alichokiona. Simlaumu sana, ndiyo kazi aliyoajiriwa.

Wageni wa Dar es Salaam walipofika na gari yao, walikuta kiwanja kimekuwa chekundu. Wanawake wote nguo moja, hata mtu hakuweza kusema huyu ni wa mlimani au wa kisimani, na wanaume wamejaa mpaka vichakani. Ile habari ya kwamba watu ni wachache haikutajwa tena. Katibu alihutubia kwa sauti yake kubwa. Wageni wakahutubia. Mimi niliongoza wimbo mmoja, na mgeni mmoja aliuliza yule msichana ni nani, nikaona redio inanikaribia. Haijafika bado. Mjomba alikuwa kwenye vyungu, anasaidia kupakua. Kadi za chama zilikwisha kabla wageni hawajaondoka, na tawi likafunguliwa Kisarawe.

Ulipofika wakati wa leseni, mjomba alipanda bomani. Akaambiwa inatafutwa. Akapanda tena, na tena, kila mara amevaa kanzu safi. Karani alikuwa mpole sana, alimpa hata kiti. Leseni ilikuwa inatafutwa.

Lori akamwuzia mtu wa Mlandizi. Dereva akaenda nalo, na hilo lilikuwa afadhali. Wapagazi wengine alipata kuwaombea kazi za kukata kuni, mmoja alirudi kwao Magindu kuchunga ng'ombe wa baba yake. Duka likabaki la chumvi na viberiti. Mke wa mjomba akaanza kuuza maandazi, na kwini wa mlimani alikuja mwenyewe kumfundisha kuyachoma vizuri, ingawa alikuwa anajipunguzia wateja.

Msimu wa korosho ulipoingia, watu wa Masaki walikuja kama kawaida yao, magunia kichwani, wakayatua barazani. Mjomba akawaambia hana ruhusa ya kununua. Hawakuondoka. Wakakaa. Mzee mmoja akasema wao korosho zao ni za dukani hapa, watangoja.

"Mtangoja nini? Zitaota hapo barazani kwangu," mjomba akawaambia. "Nendeni kwa yule wa kule chini, mizani yake nzuri."

"Yule hatuijui salamu yake."

"Mtaijua. Haya, inukeni."

Akashika magunia yao mwenyewe, akawatwika mmoja mmoja, mpaka baraza likawa tupu. Nilikuwa mlangoni na nilitaka kulia, lakini yeye hakuwa na sura ya kuliliwa. Akajipangusa mikono kwenye msuli. Akavaa kanzu, akaniambia nifunge duka kidogo, nimsindikize.

Tukaenda ofisi ya tawi. Katibu wetu fundi baiskeli alikuwa amepelekwa Magindu kuanzisha mambo huko, na mahali pake alikuwepo kijana mwingine kutoka Dar es Salaam, mwenye viatu vizuri, ambaye hakumjua mtu. Alikuwa amekaa kwenye lile ghala letu la zamani, chini ya taa yetu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nataka kadi."

Kijana akafurahi. Akamvutia kiti, akaanza kumweleza taratibu chama ni nini na kinataka nini, kama anavyoelezwa mtu aliyetoka shamba jana. Nilifungua mdomo, mjomba akanibana mguu. Alisikiliza mpaka mwisho, anaitikia kwa kichwa. Kwenye jambo moja au mawili aliuliza swali.

"Na wewe mzee," kijana akamaliza, "habari za chama umezisikia kwa nani?"

Mjomba akafikiri. "Kwa wanawake," akasema. "Wao ndio waliotangulia hapa."

Akapewa kadi yake, akaitazama pande zote mbili. Akaikunja ndani ya leso, akaitia mfukoni mwa kanzu, akamshukuru kijana kwa heshima zote. Tulipotoka nje nilimwuliza kwa nini hakumwambia. Akasema kijana alikuwa anaeleza vizuri, angemkatiza bure. Kisha akaanza kuniuliza kama naona mihogo ile ya nyuma ya nyumba imekomaa, maana sasa ana wasaa na anataka kuing'oa kabla nguruwe hawajaijua. Nikamwambia bado. Akasema tutakwenda kuitazama hata hivyo, na tukaenda.